Nyongeza ya Laki Moja: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kama Uhame Kazi

Binti wa mama yangu mdogo ni mhasibu msaidizi katika ofisi moja ya Njiro, hapa Arusha. Jioni moja alifika nyumbani kwangu na bahasha ya kaki, akatoa barua ya ofa kutoka kwa mwajiri wa Usa River, akainyoosha mezani kwa kiganja kana kwamba anaipiga pasi. Kazi yenyewe ni ileile anayoifanya sasa. Mshahara wake wa sasa ni shilingi 850,000 kwa mwezi, na anaoahidiwa ni 950,000. "Kaka, laki moja si haba," aliniambia. Alikuwa amepewa siku tano za kujibu.

Laki moja si haba kweli. Hata hivyo, nyongeza ya kiasi hicho ndiyo inayomsumbua mtu zaidi, kwa sababu mshahara ukiongezeka mara mbili mtu huondoka bila kuuliza, na ukiongezeka kwa elfu ishirini hainuki kitini. Nyongeza ya wastani huonekana kubwa siku unapoisoma, kisha ikayeyuka kabla ya mwezi wa tatu. Nimewahi kuhama vibaya mara moja na kuhama vizuri mara moja, na msimamo niliobaki nao ni kwamba nyongeza ya namna hii haitoshi kuwa sababu pekee ya kuacha kazi. Ni lazima iwepo sababu ya pili ya kuisindikiza. Hatua zinazofuata ndizo tulizozipitia jioni ile kwa daftari na kikokotoo cha simu, pamoja na nyingine ambazo yeye hakuzihitaji lakini wewe unaweza kuzihitaji.

Hatua ya kwanza: weka karatasi mbili mezani

Karatasi ya kwanza ni salari slipu yako ya mwezi uliopita. Ya pili ni barua ya ofa iliyotiwa sahihi na mwajiri mpya. Kama huna ya pili, hujafika kwenye kuamua. Uko kwenye mazungumzo tu. Mimi nilihama kutoka Moshi kuja Arusha kwa ahadi ya mdomo kwamba baada ya miezi mitatu ningelipwa posho ya nyumba. Aliyeniahidi aliondoka mwezi wa pili, na aliyeshika nafasi yake aliniuliza kwa upole kabisa ahadi hiyo imeandikwa wapi. Sikuwa na la kumjibu, na kodi ya chumba nilikuwa nimeshailipa kwa kutegemea posho hiyo.

Katika barua ya ofa tafuta kwanza kama kiasi kilichotajwa ni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, au ni fedha itakayoingia mkononi, kwa kuwa watu wawili wanaweza kukubaliana kwa moyo mweupe huku kila mmoja akifikiria tarakimu yake. Kisha angalia mgawanyo wa mshahara wa msingi na posho. Mwajiri anayekupa 950,000 yote kama msingi hajakupa sawa na yule anayekupa msingi wa 500,000 na posho za 450,000, hata kama jumla ni moja, kwa sababu kiinua mgongo na malipo ya saa za ziada hukokotolewa kwa kuanzia mshahara wa msingi, na kwa uzoefu wangu posho ndizo huguswa kwanza biashara inapolegea. Angalia pia kama mkataba ni wa muda maalumu au hauna ukomo. Ukitoka kwenye ajira isiyo na ukomo ukaingia mkataba wa mwaka mmoja, umebadilisha kitu kikubwa kuliko mshahara, kwa kuwa mkataba wa muda maalumu huweza kwisha tarehe yake ikifika bila mtu yeyote kukufukuza.

Hatua ya pili: punguza makato

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu hulinganisha ghafi na ghafi wakati sokoni Kilombero au Mbuyuni hakuna anayepokea ghafi. Kwa mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Iliyobaki huitoa yeye. Baada ya kuondoa mchango wako, kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kipato cha mwezi kisichozidi 270,000 hakitozwi kitu. Sehemu inayozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Inayofuata hadi 760,000 asilimia 20. Inayofuata hadi 1,000,000 asilimia 25. Na inayozidi hapo asilimia 30. Kabla ya kuvitumia, hakikisha kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka ulio nao haijavibadilisha.

Tuchukue mshahara wa 850,000. Mchango wa NSSF ni 85,000, na kinachotozwa kodi ni 765,000. Kodi yake ni 68,000 kwa sehemu ya hadi 760,000, na 1,250 kwa ile elfu tano ya juu, yaani 69,250. Mkononi zinaingia 695,750. Sasa chukua 950,000. NSSF inachukua 95,000, zinabaki 855,000, kodi inakuwa 91,750, na mkononi zinaingia 763,250. Tofauti ni 67,500. Laki moja ya kwenye barua imeshapoteza karibu theluthi yake kabla hujatoka ofisini.

Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anakatwa pia asilimia 15, na kwa mfano huu makato hayo yanaongezeka kwa 15,000, hivyo nyongeza inabaki 52,500. Ni haki kusema kwamba si makato yote yaliyopotea: elfu kumi iliyoongezeka NSSF inaambatana na elfu kumi nyingine ya mwajiri kwenye akiba yako, na deni la Bodi linapungua haraka zaidi. Andika faida hizo pembeni, kwenye safu yake, lakini usizichanganye na fedha ya kulipia kodi ya nyumba.

Hatua ya tatu: hesabu njia, sahani na chumba

Ofisi ya sasa ya mdogo wangu iko dakika kumi kwa miguu kutoka anapopanga. Kwenda Usa River angehitaji kupanda kifodi hadi mjini, kisha gari la Usa. Tulikadiria shilingi 1,500 za kwenda na 1,500 za kurudi, na kwa kuwa huko kazi ni hadi Jumamosi, siku zinakuwa 26 kwa mwezi. Jumla ni 78,000. Tarakimu mbili zikawa zimekaa kwenye daftari, moja chini ya nyingine: 67,500 na 78,000. Alizitazama, akachukua kalamu mkononi mwangu, akarudia kuzidisha mwenyewe polepole, ikatoka ileile. Kalamu hakuirudisha tena, na sehemu iliyobaki ya hesabu aliifanya yeye.

Nauli ikadirie kwa siku mbaya. Asubuhi ya Aprili, mvua za masika zinapokuwa zimekolea na magari yamejaa, utachukua bodaboda walau mara moja moja, na siku hizo chache hula kiasi kisichopungua nauli ya wiki nzima.

Kisha kuna sahani ya mchana. Ofisi nyingi za kwetu huwapikia wafanyakazi, na wao hawaihesabu faida hiyo kwa kuwa haipiti mikononi mwao kama fedha. Kama unakoenda hawapiki, na wali maharage wa mtaani ukawa 2,500, siku 26 ni 65,000. Uliza swali hili kabla ya kusaini, wala usilionee haya.

Anayehama mji kabisa, kutoka Moshi kuja Arusha au kinyume chake, ana hesabu ndefu zaidi. Miji hii imeachana kwa takriban kilomita 80, na wako wanaopanda Costa kila alfajiri kwenda na kurudi, lakini sishauri mtu aifanye safari hiyo kuwa mpango wa kudumu kwa ajili ya nyongeza ya laki moja. Nauli peke yake itaimaliza, na mwili utadai sehemu yake. Ukiamua kupanga, wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na juu yake kuna usafiri wa vyombo na godoro na jiko la pili. Jumlisha vyote, kisha gawanya kwa nyongeza inayobaki mkononi. Kama kuhama kunagharimu 600,000 na nyongeza halisi ni 60,000, utafanya kazi miezi kumi kabla ya kurudi ulipokuwa. Familia ikibaki Moshi, mnakuwa na meko mawili. Na mtu ambaye kwao ni Machame, Kibosho au Marangu asisahau mkungu wa ndizi na lita za maziwa zinazoshuka kutoka kihamba, shamba la nyumbani, kila wiki. Kwenye salari slipu havipo, lakini ukivikosa utavinunua.

Hatua ya nne: gawanya kwa saa

Kazini kwake sasa anafanya saa 40 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Usa River wanataka 45, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida za kazi kwa wiki kisheria. Kwa mwezi, saa 40 za wiki ni kama 173, na saa 45 ni 195. Gawanya kila kiasi cha mkononi kwa saa zake: kazi ya sasa inamlipa takriban 4,014 kwa saa, na kazi mpya 3,914. Angeongezewa mshahara huku kila saa yake ikishuka thamani, na hapo hatujaingiza saa mbili za barabarani kila siku.

Kama kazi mpya inavuka saa 45, uliza saa za ziada zinalipwaje. Sheria inataka zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha saa cha mshahara wa msingi, na zisizidi 50 katika wiki nne. Mwajiri anayejibu kwamba "hapa sisi ni familia" hajajibu swali.

Hatua ya tano: pima unachokiacha

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, maana fedha unaweza kuisahihisha, ilhali miaka ya utumishi ukishaiacha huirudishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, lakini ulinzi huo haumhusu aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa miaka saba mahali pamoja, akihama leo, anarudi kuwa mgeni ambaye kwa nusu mwaka anaweza kuondolewa kwa urahisi zaidi kuliko wakati wowote wa miaka ile saba. Kwa muda huohuo, kwa ujumla hana haki ya likizo zenye malipo. Likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya ugonjwa yenye siku 63 za mshahara kamili na 63 nyingine za nusu mshahara, na likizo ya uzazi ya siku 84, zote zinasubiri miezi sita hiyo. Mwanamke mwenye mimba, au aliye katika mipango hiyo, na mtu yeyote mwenye maradhi yanayomrudia, asome aya hii mara mbili na tarehe za kalenda zikiwa mbele yake.

Kiinua mgongo nacho hulipwa pale mwajiri anapokuachisha baada ya angalau miezi 12 ya utumishi, kwa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi. Anayejiuzulu kwa hiari kwa kawaida hakipati. Tena kampuni ikipunguza wafanyakazi, kigezo kinachotumika sana ni kuanza na walioingia mwisho. Wafanyakazi wa utalii wa Arusha hawajasahau mwaka 2020, wageni walipoacha kuja na magari ya safari yakalala uani. Wengi walipelekwa likizo bila malipo au kupunguzwa, na mwenye miezi mitatu kazini hakuwa na cha kushika.

Madeni yana hesabu yake. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, nenda uongee na benki kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Kama uko kwenye SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyakazi, uliza akiba yako inatolewaje, deni linalobaki linalipwaje, na wale uliowadhamini itakuwaje. Bima ya afya iulize kwa majina ya watoto: ni wangapi wanaingia kwenye kadi, na inaanza kufanya kazi mwezi gani.

Hatua ya sita: mchunguze mwajiri mpya kabla hajakuwa mwajiri wako

Usiishie kwa waliokufanyia usaili. Ongea na mlinzi wa getini, dereva, na mama anayewapikia, kwa adabu na bila haraka, na uulize jambo moja tu: mshahara huingia tarehe ngapi. Watu hawa hawana sababu ya kukupambia maneno. Uliza pia kama michango ya NSSF inafika, kwa maana kuna waajiri wanaokata na wasipeleke. Mfanyakazi aliyepo anaweza kukuonyesha taarifa ya michango yake kwenye simu.

Ujue na msimu wa biashara yenyewe. Utalii wa Kaskazini hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuzunguka Krismasi, kisha hukauka Aprili na Mei. Ofa inayotolewa Juni imetolewa na kampuni iliyoshiba, kwa hiyo uliza Mei iliyopita walilipaje. Kahawa ina msimu wake, mashamba ya maua yanategemea wanunuzi wa Ulaya, na shule binafsi zinategemea ada inayoingia muhula unapofunguliwa. Kazi inayokulipa kidogo miezi yote kumi na miwili inaweza kukulipa zaidi kwa mwaka kuliko inayokulipa vizuri miezi tisa.

Hatua ya saba: itafute sababu ya pili

Baada ya hesabu zote, jiulize: kama mshahara ungekuwa sawa kwa sawa, ningehama? Sababu ya pili inaweza kuwa kazi itakayokufundisha usichokijua, mwajiri anayepeleka michango wakati wa sasa hapeleki, kuwa karibu na mzazi mgonjwa, au bosi anayekudhalilisha mbele ya wateja. Hii ya mwisho naiheshimu sana, na sikubaliani na wanaosema mtu avumilie tu. Kuna kazi ambazo hata kwa kupoteza elfu hamsini inafaa kuziacha.

Mdogo wangu alipoulizwa swali hilo alinyamaza, kisha akasema hapana. Anajiandaa kwa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, husoma jioni na wenzake pale karibu na Chuo cha Uhasibu, na ofisini kwake bosi ameanza kumwachia afunge hesabu za mwezi mwenyewe. Usa River angerudi kuingiza stakabadhi. Sababu ya pili ilikuwepo, ila ilikuwa upande wa kubaki.

Hatua ya nane: zungumza kabla ya kujibu

Pande zote mbili zina nafasi ya kusogea. Kwa mwajiri mpya, omba kile kinachokuumiza kwenye hesabu, usiombe mshahara tu: gari la wafanyakazi, chakula cha mchana, au Jumamosi kupumzika. Mdogo wangu aliomba gari na Jumamosi. Walimjibu kwamba gari lingewezekana hadi Tengeru lakini Jumamosi hapana, naye akawaandikia barua fupi ya kushukuru na kukataa. Kwa mwajiri wa sasa, usiipeleke ofa kama fimbo isipokuwa uko tayari kweli kuondoka, kwani akikuambia "nenda salama" utalazimika kwenda. Kwa maoni yangu ni bora kumweleza kazi uliyoongeza mwaka huu na kumwomba aipitie upya nafasi yako, bila kumtaja mwingine.

Hatua ya tisa: ukiamua kuondoka, ondoka kwa utaratibu

Usiandike barua ya kuacha kazi kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili na nakala yako haiko mkononi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, ukishapita mwezi wa kwanza wa ajira, notisi ya kisheria haipungui siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Panga tarehe ya kuanza upya kwa kuanzia hapo, na kama mwajiri mpya anakusukuma uikimbie notisi, elewa kwamba anakuonyesha namna anavyoitazama mikataba.

Kabla ya siku ya mwisho, dai kwa maandishi mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ulizojilimbikizia, na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukupa. Kabidhi kazi kwa orodha yenye sahihi mbili: funguo, kompyuta, mafaili, nywila, na fedha taslimu kama unaishika. Malipo yasipotoka, mgogoro wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi una siku 30 tu. Ofisi za Tume zipo Arusha na zipo Moshi.

Namba yako ya uanachama wa NSSF haibadiliki. Mpe mwajiri mpya namba hiyohiyo, wala usikubali kuandikishwa upya. Salari slipu ya kwanza ikitoka, iweke kando ya barua ya ofa na uipitie mstari kwa mstari. Mwezi unaofuata, fungua taarifa ya michango kwenye simu, uone kama ule wa kwanza umefika.